Manowari ya Bomba Tatu Haina Somo

Nje ya Ngome ya Yesu, Mombasa, kuna mizinga miwili ya meli ambayo watoto huipanda kama punda huku mama zao wakiwapiga picha. Mmoja ulitoka Pegasus, manowari ya Waingereza. Wa pili ulitoka Königsberg, manowari ya Wajerumani. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliikuta Pegasus imetia nanga bandarini Unguja, mitambo ikiwa kwenye matengenezo, ikaipiga mpaka ikazama. Haukupita mwaka, Königsberg nayo ilikuwa imekalia matope ya Rufiji, na nahodha wake mwenyewe ndiye aliyeilipua ili adui asiipate. Leo muuaji na marehemu wake wanapigwa na jua moja, na mtoto akichoka kuupanda huu anahamia ule.

Siku moja nikiwa pale nilimsikia kijana anayetembeza watalii akiwaambia wageni wake kwamba Pegasus ilipigana pia katika vita vya Hitler. Nusura nimsahihishe. Meli iliyozama mwaka 1914 itapiganaje mwaka 1940? Halafu nikakumbuka kwamba, kwa hesabu za wanamaji wenyewe, yule kijana hakukosea sana. Ilikuwapo Pegasus kweli katika vita vile. Haikuwa chombo kile, lakini ilikuwa jina lile.

Sisi watu wa pwani tuna neno la jambo hili: somo. Mtoto akipewa jina la babu yake, wale wawili ni masomo. Babu humwita mjukuu "somo yangu", humpa kipande kinono cha nyama, na mjukuu akifanya ukorofi husemwa kwamba amerithi. Wengine husema wajina. Majeshi ya majini ya dunia yamefanya usomo kuwa kazi ya ofisi. Uingereza kuna kamati rasmi ya majina na nembo za meli, na jina la meli iliyozama au kuuzwa chuma chakavu huwekwa likisubiri chombo kipya. Tofauti na kwetu, ambako babu na mjukuu wanaweza kuitikia jina moja uani, jeshi la majini halitaki meli mbili zenye jina moja kazini kwa wakati mmoja.

Ndipo kisa cha Pegasus kinapochekesha. Mwaka 1934 Waingereza walikuwa wanapanga manowari kubwa ya kubeba ndege na walitaka iitwe Ark Royal. Jina hilo lilikuwa na mwenyewe: meli ya ndege za majini iliyonunuliwa ikiwa bado inaundwa mwaka 1914, ikapelekwa vitani Gallipoli, Uturuki, sasa imechakaa. Basi wakamvua mzee jina angali hai, wakalipeleka kwa mtoto ambaye hata hajazaliwa, na mzee akapewa jina la Pegasus. Ndiyo Pegasus iliyokuwamo katika vita vya Hitler. Vita vilipokwisha ikauzwa, na mwaka 1946 wanunuzi wakaipa jina la tatu, Anita I, kisha ikavunjwavunjwa. Chombo kimoja, majina matatu. Na jina moja la Ark Royal, vyombo vitano, kuanzia meli ya tanga iliyoundwa mwaka 1587.

Maelezo rasmi ya desturi hii ni mazuri kusikiliza. Jina, wanasema, hubeba ushujaa. Baharia kijana anayepanda meli mpya hurithi sifa za waliomtangulia. Katika meli za Kiingereza hutundikwa ubao wa sifa za vita, na Ark Royal ya mwisho, iliyoanza kazi mwaka 1985 na kustaafu mwaka 2011, ilijivunia sifa ya mwaka 1588, vita dhidi ya msafara mkubwa wa meli za Hispania. Ni kama mjukuu wa darasa la tatu anayetamba barabarani kwa ngumi alizopiga babu yake. Kushindwa hakuingii ubaoni.

Mimi siamini kwamba ushujaa ndio unaoamua jina lipi liendelee. Nadhani jina la manowari ni dai, kama hati ya shamba. Taifa hulirudia maadamu linaweza kusema kwamba jambo linalotajwa na jina hilo bado ni lake. Siku dai likianguka, jina hufa, hata kama mabaharia wake walipigana kama simba. Na ushahidi bora wa hoja hii uko kwenye matope yetu wenyewe.

Königsberg iliingia Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni 1914 chini ya nahodha Max Looff. Vita vilipotangazwa ilikuwa tayari imetoka bandarini. Ikaikamata meli moja ya shehena ya Kiingereza upande wa Omani, ikakosa makaa ya kuendelea, ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Kutoka hapo ndipo ilipokwenda Unguja kuipiga Pegasus na kurudi mafichoni. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, na ikawabidi kukokota kutoka Malta meli mbili pana za kina kifupi, Severn na Mersey, zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya Brazil, ili ziweze kupanda mto. Zilijaribu tarehe 6 Julai 1915 zikashindwa. Zilirudi tarehe 11 na kazi ikaisha. Hata hivyo mizinga yake kumi iliopolewa, ikatiwa magurudumu, ikakokotwa na watu kwa mamia katika pori la Tanganyika. Wapagazi hao hawana ubao wowote.

Kwa vipimo vya ushujaa, basi, jina hili lilistahili kuishi. Na Wajerumani waliona hivyo hivyo. Mwaka huo huo wa 1915, mwezi Desemba, walishusha majini Königsberg ya pili. Hii haikupata bahati ya kufa vitani. Novemba 1918 ilimbeba Admirali Hugo Meurer kwenda Uskoti kupanga jinsi meli za Kijerumani zitakavyojisalimisha. Kisha ikatolewa kwa Wafaransa kama fidia, nao wakaibadilisha jina na kuiita Metz. Tazama walichochagua. Metz ni mji ambao Wajerumani waliuchukua kutoka kwa Wafaransa mwaka 1871, na Wafaransa walikuwa ndio kwanza wameurudisha. Wangeweza kuiita kwa jina la shujaa au la mnyama. Wakachagua mji wa mgogoro, wakauandika ubavuni mwa chombo cha aliyeshindwa. Ni hati ya shamba iliyogongwa muhuri.

Königsberg ya tatu ilishushwa majini mwaka 1927. Aprili 1940 ilikuwamo katika uvamizi wa Norway, ikajeruhiwa na mizinga ya pwani ya Wanorway, na kesho yake, tarehe 10, ndege za Kiingereza zilizoruka kutoka visiwa vya Orkney zikaizamisha ikiwa gatini Bergen. Hakujatokea manowari kubwa ya kuishika nafasi yake. Sababu si kwamba Wajerumani walichoshwa na jina lenye mikosi. Mji wenyewe wa Königsberg, mji wa wafalme wa Prussia, dola ya zamani ya Kijerumani, ulitekwa na jeshi la Kisovieti mwaka 1945, na mwaka 1946 ukaitwa Kaliningrad. Serikali ya Ujerumani ya leo ikiandika Königsberg kwenye manowari, Moscow na Warsaw watasoma tangazo la kudai ardhi, na watakuwa wamesoma sawasawa. Warusi kwa upande wao wanayo meli ya kivita iitwayo Kaliningrad, katika kundi lao la Bahari ya Baltiki.

Sasa linganisha na ndugu yake, Emden. Nayo ilikuwa manowari ndogo ya Kijerumani iliyokuwa mbali na kwao mwaka 1914, nayo ilisumbua meli za biashara za Waingereza katika Bahari ya Hindi, nayo ikamalizwa, tarehe 9 Novemba, na manowari ya Australia iitwayo Sydney kwenye visiwa vya Cocos. Umaarufu wake ulipita mipaka. Manusura wake waliruhusiwa kuongeza neno Emden kwenye majina ya familia zao, yaani watu wakawa masomo wa meli. Emden nyingine ikaundwa vita vikiendelea, ikapachikwa puani msalaba wa chuma kwa heshima ya marehemu. Ikaja ya mwaka 1925. Zikaja mbili za Ujerumani Magharibi. Karne hii pia imepata yake. Mlolongo haukukatika, na sababu ni nyepesi: Emden ni mji mdogo wa bandari ulioko Ujerumani mpaka leo, na hakuna jirani anayeudai.

Majina hayo mawili yalikutana mara moja ya mwisho kwa namna ambayo mtunzi wa hadithi angeogopa kuitumia. Januari 1945, Jeshi Jekundu likikaribia, Emden ya mwaka 1925 ilikuwa kwenye matengenezo katika bandari ya mji wa Königsberg. Ikaondoka haraka ikiwa imebeba majeneza ya rais wa zamani Hindenburg na mkewe, yaliyofukuliwa makaburini yasiangukie mikononi mwa Warusi. Jina linaloishi lilikwenda likibeba maiti kutoka kwenye jina linalokufa.

Mtu atanipinga kwa Ark Royal. Hakuna mji uitwao hivyo, na jina limevuka karne nne. Ni kweli, lakini tazama lilivyovuka. Ile ya kwanza iliundwa kwa ajili ya Walter Raleigh, ikaongoza kundi la Waingereza mwaka 1588, kisha ikaundwa upya mwaka 1608 na kuitwa Anne Royal, kwa heshima ya malkia mpya. Baada ya hapo jina likalala kwa miaka 300 hivi. Lilifufuliwa mwaka 1914, kwa meli ya ndege, chombo ambacho hakuna aliyewahi kuwa na babu yake. Wakuu walihitaji kumpa kiumbe mgeni ukoo wa kale, kama tajiri mpya anayejitafutia nasaba ya masharifu. Dai pale lilikuwa la historia badala ya ardhi. Nakubali pia kwamba yako majina yanayorudishwa kwa hasira tu. Mei 1942 Wamarekani walipoteza Lexington katika Bahari ya Matumbawe. Mafundi wa gati la Quincy, Massachusetts, walioiunda, walikuwa tayari wanaunda nyingine iliyopangiwa jina la Cabot. Wakaandika kuomba ibadilishwe, na ikawa Lexington. Wajapani baadaye wakatangaza zaidi ya mara moja kwamba wameizamisha, na kila mara ikajitokeza tena.

Turudi Unguja, maana kuna somo mwingine pale ambaye vitabu vya Kiingereza havimhesabu.

Kimbunga cha mwaka 1872 kiliziteketeza meli za Sultani. Miaka ile ile manowari ya Kiingereza iitwayo Glasgow ilitia nanga mbele ya mji, na Sayyid Barghash akapendezwa nayo. Akaagiza yake kwa mfano huo huo kutoka kwa waunda meli wa Denny, huko Dumbarton, kwenye mto ule ule wa Clyde unaopita Glasgow. Ilifika mwaka 1878, ina mizinga saba midogo, na mzinga wa risasi mfululizo aliotunukiwa na Malkia Victoria. Sultani akaipa jina la ile aliyoipenda. Haikumfurahisha sana ilipofika. Ilikaa bandarini miaka kumi na minane ikipandisha bendera siku za sherehe. Halafu asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile vya Waingereza na Unguja vya dakika zisizofika hamsini, Glasgow ya Sultani ilithubutu kuipiga manowari ya Kiingereza St George. Ikajibiwa. Ikazama pale pale, kina kifupi, na milingoti yake mitatu ikabaki imechomoza juu ya maji mbele ya Beit al-Ajaib mpaka mwaka 1912, ilipoondolewa. Watu waliozaliwa siku ya vita walikuwa na umri wa miaka kumi na sita, wakiiona milingoti hiyo kila waliposhuka forodhani.

Orodha ya manowari za Kiingereza zilizoitwa Glasgow ni ndefu. Iko ya mwaka 1909, iliyopigana kwenye visiwa vya Falkland mwaka 1914. Iko iliyorudi maji yale yale mwaka 1982, bomu la Waajentina likaingia ubavu huu na kutokea ule bila kulipuka. Iko mpya, inayokamilishwa sasa kwenye Clyde. Ya Barghash haimo. Hii ni haki kwa kanuni za orodha, ilikuwa meli ya dola nyingine. Lakini ni ajabu kidogo kwamba Glasgow iliyopewa jina kwa mapenzi matupu iliishia kuzamishwa na wenye jina lao.

Na jina hilo la Glasgow lenyewe lina jambo la kutazamwa. Meli ya kwanza kuitwa hivyo katika jeshi la Kiingereza ilikuwa ya Waskoti, ikiitwa Royal Mary. Mwaka 1707 Uskoti na Uingereza zilipoungana, majeshi ya majini yakaungana pia, na Royal Mary ikabatizwa upya kuwa Glasgow. Jina liliingia mlango mmoja na Muungano. Kura ya maoni ya mwaka 2014 ilikaribia kuuvunja. Waliotaka kujitenga walipata asilimia 45. Kama siku moja Uskoti itakwenda zake, nitapenda kujua kamati ile ya London itafanyaje na manowari iliyoundwa Glasgow, yenye jina la Glasgow, chini ya bendera isiyo ya Glasgow tena.

Wanaijua hali hiyo. Iliwapata na sisi. Manowari iitwayo Kenya ilishushwa majini Agosti 1939, nayo pia imeundwa kwenye Clyde. Ilisindikiza misafara mikali ya Malta, ikapigwa torpido ikaendelea, ikafika mpaka vita vya Korea. Ikapelekwa kuvunjwa mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Sifa inazo za kutosha kurithiwa, na haitarithiwa. Uganda ilitangulia kwa njia nyingine: manowari hiyo ilipewa Kanada mwaka 1944, na mwaka 1952 Wakanada wakaifuta jina na kuiita Quebec. Kwa nini baharia wa Kanada atembee na kofia iliyoandikwa Uganda? Vyombo hivi vilikuwa vya kundi lililopewa majina ya makoloni, na makoloni yalipokwenda, majina yakakosa kwao. Ndiyo Königsberg ile ile, isipokuwa safari hii ardhi ilirudi kwa wenyewe.

Wenyewe nao wana manowari zao. Kenya ilichanganya wanyama, sifa na siasa: Simba, Chui, Mamba, Shujaa, Jasiri, na miaka ya 1980 zilikuja mbili za makombora, Nyayo na Umoja. Tanzania ilipokea mwaka 2015 boti mbili za doria kutoka China, Mwitongo na Msoga. Mwitongo ni kwao Mwalimu Nyerere, huko Butiama. Msoga ni kwao Rais Kikwete, aliyekuwa anamaliza muhula wake mwaka huo huo.

Nikitumia kipimo changu cha dai, Umoja litarithiwa na serikali yoyote, kwani hakuna anayekataa umoja hadharani. Simba na Shujaa pia. Nyayo lilikuwa dai la mtu mmoja, Moi, kwamba anafuata na kufuatwa. Sioni rais wa Kenya atakayesimama gatini Mtongwe kuvunja chupa kwenye Nyayo ya pili. Mwitongo nadhani litapona kwa sababu Mwalimu amekwisha kuwa wa wote. Msoga, samahani kwa wenyeji wa Chalinze, lina kazi. Kijiji hakina kosa lolote, lakini jina la kijiji cha rais aliyeko madarakani likiandikwa kwenye meli ya taifa huonekana ni fadhila ya wakati ule, na fadhila ya wakati ule haina mjukuu.

Limebaki jina moja, na ndilo lililonifanya niandike. Watu wa Dar es Salaam walipoiona Königsberg Juni 1914 hawakuhangaika na jina la mji wa Prussia ambalo ulimi wa Kiswahili unaliteleza. Walihesabu dohani zake. Wakaiita "manowari na bomba tatu". Neno lenyewe manowari tulikuwa tumekwisha kulichonga kutokana na matamshi ya mabaharia wa Kiingereza, na bomba tatu tukaongeza wenyewe. Jina hilo halikupitia kamati wala halikudai chochote. Lilisema kilichoonekana kutoka ufukweni, na mtu wa Kunduchi aliyelisikia aliweza kuitambua meli kwa mbali bila kusoma herufi.

Jina la namna hiyo halirithiwi. Königsberg ya mwaka 1927, ile iliyozamia Bergen, ilikuwa na dohani mbili tu. Ofisi ya Berlin iliona ni meli ile ile imerudi. Mvuvi wa Rufiji angeitazama, angehesabu, angesema siyo.